Miaka Saba Iliyoachwa Nje

Kwa miaka thelathini na tatu Shaaban Uwesu alishuka mtoni mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, kusoma rula ya chuma iliyosimikwa kwenye maji. Rula hiyo iliwekwa mwaka 1989 na watu wa ofisi ya maji waliofika kijijini Ntaswa, katika vilima vya Kondoa. Waliisimamisha kwenye zege hatua chache chini ya chemchemi, kisha wakauliza ni nani pale anajua kusoma na kuandika na hana safari nyingi. Watu wakamtaja Shaaban. Alikuwa amemaliza darasa la saba, alikuwa na kipande cha miwa kando ya mto, na hakuwa mtu wa kuzurura minadani. Wakampa daftari lenye safu tatu: tarehe, saa, sentimita.

Kazi ilikuwa ndogo lakini aliishika kwa mikono miwili. Siku ya Idi alishuka kabla ya sala. Siku aliyomzika mama yake alishuka akiwa na vumbi la makaburini miguuni. Malaria ilipomlaza, mkewe Rukia ndiye aliyekwenda kusoma, na kando ya namba hizo Shaaban aliweka herufi R, ili ofisini wajue si yeye aliyesoma.

Mito mingi ya Kondoa ni ya mvua. Mwezi wa kwanza inakuja na kelele, inakula kingo na kubeba magogo, na ikifika mwezi wa sita unaivuka bila kulowesha kandambili. Mto Ntaswa haukuwa hivyo. Ulitoka chini ya mwamba ukiwa baridi na mweupe, mvua inyeshe isinyeshe, ukashuka kilomita kumi na moja na kupotelea kwenye mchanga wa mbugani. Kando yake palikuwa na vitunguu, miwa, magimbi na migomba, kijani mwaka mzima, wakati mlima mzima umekauka. Ndiyo maana namba za Shaaban zilifanana sana. Arobaini na moja. Arobaini na moja. Arobaini. Arobaini na moja.

Mara moja tu ziliporomoka kweli. Baada ya ukame wa 2005 zilianza kushuka polepole, na mwishoni mwa 2006 rula ikasoma ishirini na tisa. Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa nzuri, lakini mto haukuzijali. Ulipanda sentimita moja kwa mwaka, mwaka mwingine mbili au tatu, mwingine haukupanda kabisa. Ulirudi arobaini na moja mwaka 2013. Shaaban aliiandika yote hiyo miaka saba, siku kwa siku, na hakuna aliyemuuliza inamaanisha nini.

Binti yake Asma ndiye pekee ambaye angeweza kumwambia. Asma alisoma jiolojia chuo kikuu, akaajiriwa Dodoma mjini na kampuni ya ushauri iliyoitwa Mwamba Tafiti. Kazi yao ilikuwa kutafuta maji chini ya ardhi. Ilikuwa miaka ambayo serikali ilikuwa inahamia Dodoma na mji ulikuwa unavimba kila upande, nyumba zikipanda kwenye pori ambalo jana lilikuwa la mbuzi, na kila nyumba inataka bomba. Mwaka 2018 kampuni ikapewa kazi ya kuchunguza vilima vya Ntaswa. Palikuwa na mradi wa kuchimba visima virefu juu ya chemchemi na kupeleka maji bondeni, kwenye makazi mapya na kwenye shamba kubwa la zabibu ambalo wawekezaji walitaka kulifungua, wakisema litazidi yale ya Makutupora. Mkuu wa kazi hiyo, Respicius, alimchagua Asma kwa sababu lafudhi yake ilikuwa ya huko. Alijua anatoka Kondoa. Hakujua anatoka kijiji kile kile.

Asma alikwenda na vifaa, akakaa wiki sita, akarudi Dodoma na chupa za maji na vipande vya mawe vya kupeleka maabara nje ya nchi. Miezi minne baadaye majibu yalipotoka, alirudi Ntaswa kukamilisha vipimo, na asubuhi moja akamchukua baba yake hadi kwenye mawe meupe yaliyo kando ya chemchemi. Alitaka kumwonyesha. Shaaban alimfuata akiwa amevaa koti lake la sherehe, kwa kuwa alijua siku hiyo anafundishwa na mtoto wake mwenyewe.

Asma alimweleza kwamba mwamba waliosimama juu yake ulipoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, kabla hakujawa na mti wala mnyama wa kuukanyaga. Ukakaa hivyo, ukisagwa na mvua mpaka nchi yote ikawa tambarare. Kisha, juzi tu kwa hesabu za mawe, miaka milioni moja au mbili, ardhi ya huku ilianza kuvutwa pande mbili, mvuto ule ule uliofanya Bonde la Ufa. Upande mmoja ulishuka, mwingine ukabaki juu ukawa mlima, na katikati ukabaki ufa uliojaa udongo wa mfinyanzi. Mvua inayonyesha juu huzama kidogo kidogo kwenye mwamba uliooza, inateremka gizani, inafika kwenye ule mfinyanzi na kukwama. Ikikosa pa kwenda mbele, hupanda juu. Pale inapotokea ndipo kwao.

Shaaban aliuliza safari hiyo ya gizani inachukua muda gani. Asma akamwambia maabara wamepima, na maji mengi yanayotoka leo yalinyesha zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Baba yake akauliza kama ana hakika. Alikuwa amenawia maji yale tangu utotoni.

Halafu Asma akamwonyesha mawe meupe yenyewe. Maji ya chemchemi hubeba chokaa, akasema, na yakitoka kwenye hewa huiacha, kama ule ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika. Tabaka juu ya tabaka, chokaa ile ilikuwa imejenga ukuta uliozidi urefu wa mtu. Lakini katikati ya ukuta palikuwa na mstari wa udongo mwekundu, upana wa kiganja, na ndani yake vipande vya mkaa. Pale, alisema Asma, mto ulikufa. Hapakuwa na chokaa kwa sababu hapakuwa na maji. Mkaa ulikuwa umepimwa, wa sehemu ya chini ya mstari na wa sehemu yake ya juu, na kati ya moto wa kwanza na wa mwisho ilipita zaidi ya miaka mia tatu.

"Uliuawa na nini?" Shaaban aliuliza.

"Hatujui. Labda ukame mrefu. Labda tetemeko lilifunga njia moja na kufungua nyingine. Kisha ukarudi."

"Na hao waliowasha moto?"

Asma alisema hao hawajulikani. Huenda walisubiri, wakachoka, wakahama. Shaaban alipitisha kidole kwenye udongo mwekundu, akakitazama, akakifuta kwenye koti. Walishuka wakiongea mambo ya nyumbani. Jioni hiyo, kabla ya kwenda kusoma rula, alimfungulia sanduku la bati lenye madaftari yake, maana ofisini alikuwa akipeleka nakala na asili akabaki nayo. Asma alipiga picha ukurasa mmoja mmoja kwa simu, na usiku wa pili alikuwa amekwisha kuona kile ambacho miaka ile saba ilikuwa inasema: tangi lililo chini ya mlima ni kubwa lakini linajaa kwa shida sana. Mwaka mmoja wa ukame ulihitaji miaka saba ya kulipia. Pampu haingekuwa ukame wa mwaka mmoja.

Aliandika hivyo kwenye rasimu ya ripoti. Alipendekeza visima viwili, na vifanyiwe majaribio kwa miaka mitatu kabla ya kuongeza.

Respicius hakuwa mtu wa fujo. Alimwita ofisini, akamwambia akae, akamwagizia chai. Alisema rasimu imeandikwa vizuri sana, ila mteja anahitaji visima saba, na kinachozuia visima saba ni hizo kumbukumbu za mto. Alikuwa amezipitia. Alifungua kompyuta na kuonyesha picha ya ukurasa wa daftari wenye safu ya namba.

"Niambie, mto gani unasoma arobaini na moja siku mia mbili mfululizo? Huyu S. Uwesu alikuwa anakaa nyumbani anajaza daftari. Kisha akazidiwa na uongo wake, akashusha mpaka ishirini na tisa. Hana hata cheti."

Asma alijua jibu. Mto wa chemchemi hauruki kama mto wa mvua. Kufanana kwa namba ndiko kulikothibitisha kuwa ni za kweli. Angeweza kulisema kwa sentensi mbili. Angeweza pia kusema kuwa S. Uwesu ni baba yake. Badala yake alitazama mwandiko ule kwenye kioo, herufi kubwa zilizolalia kushoto, tarehe zenye "Juma nne" badala ya Jumanne, na ile R ya mama yake iliyojitokeza hapa na pale kama kichekesho, akaona aibu. Baadaye alijaribu kujiambia ilikuwa hofu ya mkataba wake uliobakiza miezi miwili. Hofu ilikuwepo. Lakini iliyotangulia ni aibu.

Alisema atalishughulikia. Aliiondoa miaka ile saba kwenye hesabu, na kielelezo kikabaki na mstari ulionyooka, wa mto usiotetereka. Mahali pa miaka hiyo aliandika sentensi moja ya Kiingereza iliyosema kwamba kumbukumbu za msomaji wa kijijini hazikutumika kwa kuwa usahihi wake una mashaka. Mapendekezo yakawa visima saba. Mkataba wake uliongezwa.

Kabla ya kuchimba, sheria ilitaka kijiji kielezwe. Mkutano ulifanyika shuleni, na kampuni ikamtuma Asma. Aliongea vizuri, kwa michoro. Mwishoni akasimama Kuluthumu, mjane aliyekuwa na bustani ya vitunguu kubwa kuliko zote kando ya mto, ambaye alisomesha watoto wanne kwa vitunguu hivyo.

"Asma, hiyo michoro mimi sijaielewa," alisema. "Ila wewe ni mtoto wetu, nimekubeba mgongoni. Niambie kwa mdomo wako. Mto utabaki?"

"Utabaki, mama," alisema Asma.

Kuluthumu akaketi. Shaaban, ambaye hakuwa na kawaida ya kusema hadharani, alisimama akawaambia watu kuwa hakuna haja ya maneno mengi, mwanawe ameupima mlima mpaka ndani, na yeye mwenyewe amempa madaftari yote. Watu wakapiga makofi. Muhtasari ukasainiwa. Asma aliondoka siku hiyo hiyo, akisema ana kikao Dodoma.

Mtambo ulipanda mlima mwaka 2019. Kwa miezi mitatu ulitoboa mchana kutwa, ukitema tope jeupe, na watoto wa shule walikuwa wakipelekwa kuuangalia. Visima saba vyote vilipata maji. Bomba kubwa la buluu likashushwa kupitia katikati ya kijiji kuelekea bondeni, na Ntaswa wakawekewa kilula kimoja, bomba la kuchotea watu wote, karibu na zahanati, kama shukrani. Kilula hicho kilitoa maji Jumatatu na Alhamisi.

Mwaka wa kwanza rula ilisoma arobaini. Shaaban hakushtuka. Mwaka wa pili ikasoma thelathini na tano, na akaanza kumpigia Asma kila Ijumaa baada ya sala. Alimsomea namba. Asma alimwambia asubiri mvua. Mvua za mwisho wa mwaka zikanyesha vizuri, korongo la upande wa pili likajaa mpaka likamsomba ng'ombe, na wiki hiyo hiyo Ntaswa ukashuka tena sentimita mbili. Shaaban alimpigia, akamwuliza kwa upole kama hii siyo kama ile miaka saba. Asma akasema mtandao unakatika.

Kambare walikufa kwanza, kwenye madimbwi ya chini. Kisha migomba ikaanza kukunja majani. Watu wa mwisho wa mto, waliozoea kupata maji baada ya wote, wakaanza kugombana na wa katikati, na wa katikati wakawazuia wa juu kufungulia mifereji. Kuluthumu alivuna vitunguu vyenye ukubwa wa gololi, akavilisha mbuzi. Tarehe kumi na tisa mwezi wa kumi mwaka 2022, saa moja asubuhi, Shaaban alikuta rula imesimama kwenye kokoto zilizolowa. Aliandika sifuri. Saa kumi na moja jioni kokoto zilikuwa zimekauka. Aliandika sifuri nyingine, akarudi nyumbani, na Rukia anasema usiku ule hakugusa chakula.

Kijiji kiliandika malalamiko. Mwalimu Meshack, mtu wa Dodoma aliyefundisha Kiingereza katika shule ya Ntaswa, ndiye aliyesaidia kuandika, na ndiye aliyefuatilia mpaka akapata nakala ya ripoti ya kampuni. Alikuwa mgeni kijijini mwenye mwaka mmoja tu, na hakujua nani ni nani. Siku ya mkutano alisimama na ripoti mkononi, akawa anasoma kwa Kiingereza na kutafsiri papo hapo. Alifika ukurasa wa arobaini na tatu. Akasema hapa wanasema kumbukumbu za msomaji wa kijijini hazikutumika, kwa kuwa usahihi wake una mashaka. Akasema na aliyeandika sehemu hii ni Bi. Asma Shaaban.

Baadhi ya watu waligeuka kwenye viti vyao. Wengine walitazama miguu yao. Meshack aliinua macho, akaona watu wanamtazama Shaaban, akaelewa, akafunga ripoti.

Shaaban aliuliza kama anaweza kurudia ile sentensi. Meshack akairudia kwa sauti ndogo. Shaaban akamshukuru, akakaa mpaka mkutano ulipokwisha, akashikana mikono na watu kama kawaida. Siku iliyofuata aliyabeba madaftari yote thelathini na tatu kwenye mkokoteni mpaka ofisi ya kijiji, akadai apewe karatasi ya kuonyesha kuwa yamepokelewa.

Asma alisikia habari hizo kwa mama yake. Alipanda basi la asubuhi la Kondoa, akafika Ntaswa mchana, akamkuta baba yake uani akikarabati mpini wa jembe. Alimwamkia. Shaaban akaitikia, akaendelea na mpini. Rukia alitaka kuleta chai, akaona nyuso zao, akabaki mlangoni.

"Sentensi ile uliandika wewe, au waliiandika wakaweka jina lako?" Shaaban aliuliza.

"Niliandika mimi, baba."

"Wakati unaiandika, ulikuwa unaamini nadanganya?"

Asma alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi njia nzima, lakini si hilo. "Hapana," alisema. "Nilijua ni za kweli. Nilizihakiki mwenyewe."

Shaaban alitikisa kichwa taratibu. Alisema kama angejibu kwamba hakujua, angemsamehe saa ile ile, kwa kuwa kutojua ni hali ya kila mtu. Alisema yeye mwenyewe alisimama mbele ya watu akawatuliza kwa ajili yake, na wale watu sasa hawawezi kumwambia kitu kwa sababu wanamheshimu, na hilo ndilo linalomnyima usingizi. Hakupandisha sauti. Alipomaliza alijaribu jembe, likawa bado linacheza, akachukua kipande kingine cha ngozi.

Asma alimwambia ameamua kutoa ushahidi. Alikuwa ameshaacha kazi. Kamati iliyoundwa kusikiliza malalamiko ingekaa Dodoma mwezi unaofuata, na angesema yote, ila angehitaji madaftari.

"Siyo yangu tena," alisema Shaaban. "Nenda ofisi ya kijiji ukaombe kama wengine."

Alikwenda. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye walisoma darasa moja, alimwandikisha barua ya maombi, akamwambia asubiri nje. Alisubiri kwenye benchi kwa saa tatu, watu wakipita. Kuluthumu alipita na ndoo mbili tupu akielekea kwenye kilula. Asma aliinuka akamwamkia. Kuluthumu aliitikia, kwa sababu salamu haikataliwi, lakini hakusimama. Hatimaye waliamua kwamba madaftari yatakwenda Dodoma na Mwalimu Meshack, na Asma atayaona huko, mbele ya kamati.

Mbele ya kamati alieleza kila kitu, kuanzia mwamba mpaka sentensi. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, alimwuliza kwa nini alitilia shaka kumbukumbu ambazo sasa anaziita bora kuliko vipimo vyote vya kampuni. Asma akasema hakuzitilia shaka. Mwenyekiti akauliza basi kwa nini aliandika hivyo. Asma akasema msomaji ni baba yake, na alishindwa kulisema hilo mbele ya bosi wake. Karani akauliza kama hilo nalo liingie kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti akasema liingie.

Wakamwuliza swali la mwisho, lile waliloitiwa wote. Visima vikifungwa vyote leo, mto utarudi lini? Asma alisema kwa hesabu zake inaweza kuwa miaka thelathini, inaweza kuwa tisini. Alisema pia maji yakishuka chini ya ufa kwa muda mrefu huenda yakapata njia nyingine, na ikiwa hivyo mto unaweza kutokea bonde la upande wa pili, au usitokee kabisa. Mtu wa shamba la zabibu akacheka kidogo, akasema kumbe hata mtaalamu hajui. Asma akasema ndiyo, hajui.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi mitano. Visima viwili vifungwe. Vitano viendelee kwa muda, kwa kuwa makazi mapya bondeni yamekwisha kuwa na familia elfu kadhaa, zahanati na shule, na haiwezekani kuwakatia maji watu waliohamia kwa nia njema. Shamba la zabibu lilipewa miaka kumi ya kutafuta chanzo kingine. Kampuni ya Mwamba Tafiti ilipewa onyo. Respicius alikuwa ameshahamia kampuni nyingine muda mrefu. Jina pekee lililotajwa katika uamuzi kwa kosa la kitaaluma lilikuwa la Asma, na alifungiwa kusaini ripoti kwa miaka mitatu. Hakukata rufaa.

Watu wa Ntaswa walianza kuondoka kimya kimya, mmoja mmoja, wenye mashamba ya chini wakitangulia. Kuluthumu alikwenda kuishi kwa mwanawe kule Zuzu, karibu na reli, na inasemekana huko anauza vitunguu vya kununua kwa watu wengine, kwa fungu. Bustani yake imeota mchongoma. Mwalimu Meshack alihamishwa. Ofisi ya maji ilifunga kituo cha kupimia, ikaja na karatasi ya kumshukuru Shaaban, na kumwomba, kama atapenda, awe anapima kina cha maji kwenye visima viwili vilivyofungwa. Wangemletea kamba yenye kengele inayolia ikigusa maji. Shaaban alisema macho yake yamechoka. Macho yake yalikuwa mazima.

Aliyeichukua kazi hiyo ni Asma. Amepanga chumba nyuma ya zahanati, kwa sababu hakuambiwa arudi nyumbani na yeye hakuomba. Mara moja kwa wiki anapanda mlima na kamba, anaishusha kisimani, anasubiri ilie, anaandika. Mwaka wa kwanza maji yaliendelea kushuka kana kwamba hakuna kilichofungwa. Mwaka huu yameshuka polepole zaidi, na wiki mbili yalisimama mahali pamoja. Aliwaeleza ofisini kwamba hiyo inaweza kuwa dalili njema au inaweza kuwa si kitu, na hakuiandikia sentensi yoyote zaidi.

Mama yake humpelekea ugali wa mtama na mlenda kwenye bakuli lililofunikwa. Baba yake haji. Mwezi uliopita, mvua za kwanza zilipodondoka, Shaaban alipita kando ya kisima akiwa na jembe begani, akielekea mlima wa pili ambako amekodi kipande cha kulima mtama, kilimo cha kungoja mawingu ambacho hakuwahi kukifanya maishani mwake. Asma alikuwa amepiga magoti, kamba iko chini. Alisimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo ni Alhamisi. Mama yako amepata maji?"

Asma akasema alimwona kwenye foleni ya kilula, wa kumi na mbili hivi. Shaaban akasema basi atapata, akahamisha jembe bega la pili, akaendelea kupanda.